Ulikuwa Upande Gani

Doto mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Ng'wasi, na ninavyomjua Mama Ng'wasi na mdomo wake, hurudi kabla ya saa kumi. Nimekaa jikoni na daftari lako la hesabu la kidato cha nne, zile kurasa za nyuma ulizoziacha tupu, na kalamu inayoandika inapotaka yenyewe. Kesho asubuhi unapanda basi la Geita kwenda chuo cha ufundi kujifunza mambo ya nyaya na umeme, na mimi hata sijui naanzia wapi. Nimeanza mara mbili, nikachana.

Sikuandikii habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuangalia marafiki. Hayo nimeshayasema mpaka ukawa unayasema pamoja nami, tena kwa sauti ya kuniigiza, na Mungu anajua unaniigiza vizuri kupita kiasi. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili ndugu walipokuja kukuaga, mama yako mdogo Minza alisimulia tena hadithi yake. Kwamba mlizaliwa pacha, wewe na Kulwa, njiti wa miezi saba, na kwamba mimi dada yake niliwabeba wote wawili kifuani, mchana na usiku, bila kuchoka, mpaka Mungu akamchukua mmoja na kuniachia mmoja. Umeisikia tangu ukiwa mdogo. Lakini safari hii ukauliza kitu ambacho hujawahi kuuliza. "Mama, mimi nilikuwa upande gani?" Watu wote wakanigeukia, wengine na matonge mkononi. Nikajibu haraka: "Kushoto, mwanangu. Upande wa moyo." Ukacheka, ukaja kuniegemea bega mbele za watu, wewe ambaye tangu umalize shule hutaki hata kushikwa mkono barabarani. Na jana nimekusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, kwa maringo kabisa, kwamba wewe ulikuwa upande wa moyo.

Doto, hukuwa kushoto. Wala hukuwa kulia. Wiki mbili za kwanza za maisha yako hukukaa kifuani kwangu hata dakika moja.

Basi, nimeandika. Nimeinuka nimekunywa maji, nimerudi, maneno bado yapo. Sasa inabidi niendelee, maana nikiishia hapo utanielewa vibaya. Au labda utanielewa sawasawa, hilo nalo ndilo linaloniogopesha.

Wakati ule tulikuwa tunaishi Mwakitolyo. Baba yako alisikia dhahabu imetoka upande wa Geita, akaondoka na wenzake kwenda kuchimba huko, na kwa simu za siku zile ukimpata mtu mara moja kwa wiki unashukuru. Mimi nilibaki na kazi yangu ya kuosha mchanga kwenye karasha. Mawe yakishasagwa na mashine, unaosha ule unga, unatia zebaki ikamate dhahabu, unakanda kwa mikono hii hii. Nilifanya hivyo tumbo likiwa limenitangulia. Uchungu ulinishika nikiwa nimeinama kwenye karai, miezi saba tu. Nimejiuliza miaka yote hii kama ni zebaki, au ndoo za maji nilizobeba asubuhi ile, au ugomvi wangu na mwenye karasha, au ni nyinyi wenyewe mlikuwa na haraka. Daktari mmoja aliniambia inaweza kuwa kimojawapo na inaweza isiwe chochote. Jibu gani hilo kumpa mtu?

Wakanipakia kwenye gari lililokuwa linashusha mahindi, tukaenda hospitali mjini Shinyanga, Minza akiwa amenishika kichwa. Akatoka wa kwanza, akalia, sauti ndogo lakini akalia. Akatoka wa pili, hakulia. Ulikuwa wewe.

Kwetu pacha hawasumbui mtu kutafuta majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, wanakuja nayo tumboni. Lakini nesi alipokuja na plasta ya kuandika majina, nesi Milembe, mwanamke mnene mwenye mwendo wa taratibu, akamgusa wa kwanza akauliza, "Huyu nani?" Nikasema Kulwa. "Na huyu?" Nikasema, "Huyo bado."

Akacheka. "Bado nini, mayu? Ukishasema Kulwa umeshasema na Doto."

Akaandika mwenyewe.

Nadhani kosa langu lilianzia pale, kwenye ile "bado". Nilikuangalia nikaona ngozi iliyozidi mwili, mbavu zinazopanda na kushuka, na mrija puani. Kulwa naye alikuwa mdogo, usidhani, lakini alikuwa na sauti. Kichwani kwangu nikafanya hesabu za mtu wa karasha, ambaye maji yakiwa machache haoshi mafungu mawili. Nesi Milembe alinifundisha kumbeba mtoto kifua kwa kifua, yeye na kofia yake na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha kitenge kinakazwa mgongoni. Akaniambia wote wawili wanaenea, joto la mama halipungui kwa kugawanywa. Sikumwamini. Nilijua joto langu ni la mtoto mmoja, na nikaamua ni la nani.

Nikamchukua Kulwa. Wewe nikakuacha kwenye mashine ya joto.

Sikusema hivyo kwa mdomo. Nilisema mgongo unauma. Kesho yake nikasema mshono unavuta, wakati sikuwa na mshono. Nesi Milembe alikuwa akiniangalia, anasema, "Haya, kesho basi," na kesho inafika, namletea sababu mpya. Maziwa nilikamua ya wote wawili, hilo naweza kuapa. Lakini ya kwako nilimkabidhi yeye, akupe kwenye mrija. Minza alikuwa nje, kule ndugu wanakopikia, na kila aliponiletea uji aliuliza, "Wanaendeleaje?" Nikamwambia nimewabeba wote wawili. Kwa hiyo mama yako mdogo hakudanganyi, Doto. Anasimulia alichoambiwa.

Siku ya nane, asubuhi, Kulwa alikuwa kifuani kwangu. Nilidhani amelala. Mama wa kitanda cha pili ndiye aliyemtazama midomo, akamwita nesi.

Sina la kusema zaidi hapo. Nimejaribu na nimeshindwa.

Minza alimchukua akaenda naye kwa bibi yako kumzika. Mimi sikwenda. Waliniambia siwezi kuondoka kwa sababu nina mtoto mwingine wodini. Na hapa naomba usome polepole, maana naandika kitu ambacho sijamwambia hata baba yako. Nilikuchukia. Nilikaa kwenye benchi koridoni nikasema moyoni, yule niliyempa kila kitu ameondoka, na huyu ambaye sikumpa kitu ananizuia hata kwenda kumzika. Ulikuwa na siku nane duniani, uzito wako haufiki wa kuku, na mama yako alikuwa na kinyongo na wewe.

Halafu kinyongo kikageuka kikawa hofu, au vilikuwa pamoja tangu mwanzo, sijui. Nilianza kukiogopa kifua changu. Kulwa alikuwa hapa, nikimpa joto kama nilivyofundishwa, akafa. Wewe ulikuwa kule peke yako, ukaishi. Mtu mwingine angefikiri nini? Nilijiambia nikikugusa na wewe utakwenda. Siku sita nilisimama nyuma ya mlango wa kioo nikikutazama kutoka mbali. Wamama wengine walidhani sikutaki. Mpaka leo nashindwa kusema kama nilikukimbia kwa kutokukupenda au kwa kuanza kukupenda. Siku nyingine naamka nikiwa na hakika ni hili, siku nyingine lile. Umri huu nilio nao nilidhani ningekuwa nimeshajua.

Nesi Milembe hakunisema. Wengine walinisema, walikuwa na haki. Yeye alileta kiti akakiweka ndani, karibu na wewe, akaniambia, "Njoo ukae tu. Hushiki kitu." Nikakaa nimekunja mikono kama mtu aliyefikishwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Siku iliyofuata akaniomba kipande cha kanga nilichokuwa nimelala nacho kifuani. Akakikunja, akakuwekea karibu na pua. Akasema mtoto mchanga haoni mbali lakini harufu ya mama yake anaijua. Nikamwambia, harufu yangu ni ya karasha. Akasema, "Basi ataijua hiyo ya karasha."

Siku nyingine akanipa ile bomba ya sindano yenye maziwa niishike juu, yashuke yenyewe kwenye mrija taratibu. Nikaishika juu mno, kisha chini mno, maziwa yakawa yanapanda na kushuka. Akasema, "Msalimie wakati anakula."

"Nimsalimie nini? Hata kusikia hasikii."

"Mwambie mhola."

Nikaona haya, watu wamejaa wodini. Nikasema kwa kunong'ona, "Mhola." Akasema, "Ana jina." Nikarudia mhola tupu. Hapo ndipo akaniita Mama Doto, na mimi nikapandisha hasira kama pilipili imeniingia jichoni. Nikamwambia mimi ni Mama Kulwa. Wamama wakageuka. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe ni Mama Kulwa," akasema, "hakuna anayekunyang'anya. Na huyu naye anamtafuta mama yake."

Nikalia, Doto. Nikamwambia ukweli wote pale pale, kwamba simpendi mtoto huyu, kwamba nilimchagua mwenzake, kwamba kifua changu kimeua. Nilidhani atanifukuza. Alivuta pumzi, akapangusa kile kiti kwa upindo wa gauni lake, sijui kwa nini, kilikuwa kisafi. Akaniambia Kulwa hakufa kwa kubebwa, watoto wa umri ule wanaondoka hata mikononi mwa madaktari, na alikwenda akiwa na joto. Kisha akasema, "Mimi sijakuuliza kama unampenda. Nimekuomba kifua."

Nimelitafakari neno lile miaka yote. Wakati ule nililiona la ukali. Lakini lilinifungulia mlango, kwa sababu upendo sikuwa nao, na kifua nilikuwa nacho.

Akakutoa, akakuweka hapa. Ulikuwa mwepesi mpaka nikadhani hajakuweka bado. Akafunga kitenge. Mkono wangu mmoja akauweka kwenye makalio yako na mwingine kichwani, akasema usimpapase, tuliza tu mkono, ngozi yake bado inachoka upesi. Nikakaa nimekakamaa, nasubiri ufe. Nasema kweli, nilikuwa nasubiri.

Na kweli, siku ya pili ukaacha kupumua. Ilikuwa mchana, wodi ina kelele, nesi yuko kwa mtoto mwingine. Nilijua kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi zako bila mwenyewe kujua kuwa nahesabu. Ile iliyotakiwa kuja haikuja. Sikumwita nesi. Mkono wangu ukakusugua mgongo, nikakupiga kidole kwenye unyayo kama nilivyoona wenzangu wakifanya, na mdomo wangu ukaita, kwa sauti ya wodi nzima, "Doto! Doto, we Doto!" Ukashtuka, ukavuta pumzi, ukakunja uso kwa hasira, uso ule ule unaonifanyia nikikuamsha asubuhi.

Nesi Milembe alikuwa ameshafika na kusimama nyuma yangu. Nikamshukuru, "Wabeja." Akaandika kitu kwenye karatasi yako akaenda zake.

Ningependa kukuambia kuwa tangu hapo nilikupenda na mambo yakaisha. Hayakuisha. Nilikubeba wiki saba, hilo ni kweli, na ulipotoka hospitali ulikuwa unanyonya mwenyewe. Lakini nilikuwa nakubeba na deni moyoni, na mtu mwenye deni hajui kucheza na mtoto. Ukilia bila sababu, nasema anajua. Ukimkimbilia Minza ukianguka, badala ya kuja kwangu, nasema ananilipa. Ulikuwa na miaka saba ulipouliza kwa nini watu wananiita Mama Kulwa na siyo Mama Doto, na Kulwa mwenyewe hayupo. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikukemea, nikakutuma maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa. Ukaenda na ndoo iliyojaa, ukamwaga, ukachota upya. Nilikuona dirishani nikashindwa kutoka. Swali lilikuwa la haki kabisa. Ningeweza kuwaambia watu waniite kwa jina lako, wasingekataa. Sikuwaambia kwa sababu niliona nikimwacha Kulwa na jina lake likaondoka, atakuwa amekufa mara ya pili. Na kwako nikafanya lile lile la wodini, nikafikiri hapana nafasi ya wawili.

Kama kuna kitu nimejifunza, ni kidogo na nimekichelewa. Nilipoteza wakati mwingi nikisubiri kwanza niwe na uhakika wa moyo wangu, ndipo nikushike. Moyo wangu hausemi kitu kimoja, haujawahi. Ninachojua kwa hakika ni mambo niliyofanya kwa mikono, kushika ile bomba, kuhesabu pumzi, kukusuka vibaya mpaka ukahamia kwa Mama Ng'wasi. Siku utakayopewa mtu wa kumshika, awe mtoto wako au mgonjwa au mume mjinga, na ukajikuta huna hisia wanazozisema watu, usitishike kama nilivyotishika. Pengine zitakuja nyuma. Pengine kwako zitatangulia, huwezi kujua, wewe si mimi. Unaona? Hata ushauri nao umenichanganya.

Na usimkasirikie Minza. Mkasirikie mwenye kosa.

Nimejiuliza tangu Jumapili kama nina haki ya kukuambia. Ulikuwa na furaha na ule upande wa moyo. Ni mimi niliyekupa, na sasa nakunyang'anya ukiwa na basi asubuhi. Labda mama mwenye akili angekuacha uende nao. Lakini nilipokusikia jana kwenye simu nikaona unajenga juu yake, na ninakujua, utakuja kuwasimulia wanao, na siku moja nitakuwa mzee nisiyejichunga mdomo, nitaropoka mbele yao. Afadhali leo, mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu, ungali hapa, uweze kunifokea.

Jana nilipanga kuiweka barua hii chini ya begi lako, kati ya mashuka na sabuni, uikute Geita, usome ukiwa mbali na uso wangu. Nilijiambia ni kwa ajili yako, usiharibikiwe safari. Sasa hivi tu, nikiandika mstari huu, nimeona ninachofanya. Nakuacha peke yako na jambo zito, na mimi nasimama nyuma ya mlango wa kioo.

Siiweki kwenye begi. Nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye mkeka pembeni yako mpaka umalize, hata ukisoma taratibu, hata ukinigeuzia mgongo. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kukaa kimya, tutakaa kimya wote wawili. Sitainuka kwenda kuangalia jiko.

Nimesikia geti. Nimekuita, umeitika, "Abee mama," na sauti yako ina kicheko bado, na malapa yako yanakuja.